Siku Masikio Alipopimwa

Jina alilopewa na wazazi wake limeandikwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho kiko ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati, kwa hiyo tuliache lipumzike. Hospitali nzima, kuanzia mlinzi wa getini hadi wakubwa wa ofisi za juu, humwita Masikio. Yeye mwenyewe akipiga simu dukani husema, "Ni mimi, Masikio," na muuza duka hamuulizi Masikio yupi.

Si kwamba masikio yake ni makubwa. Ni ya kawaida kabisa, na moja limepoteza hereni tangu mwaka juzi. Ni kazi yake tu. Masikio husikiliza damu ikipita ndani ya vichwa vya watoto.

Chumba chake ni namba nne, mwisho wa korido ya jengo la watoto, baada ya stoo ya magongo na viti vya magurudumu vilivyokata tamaa. Ndani kuna kitanda chembamba, pazia zito la dirishani, kabati la chuma lisilofunga, na mashine ya ultrasaundi juu ya kitoroli ambacho gurudumu lake moja limegoma, hivyo ukikisukuma kinazunguka kama mlevi anayetafuta kwao. Mashine ina kalamu, ndivyo wanavyoiita ingawa haiandiki: kijiti kinene chenye waya na ncha bapa. Mtoto anapakwa jeli kwenye panja, pale kati ya jicho na sikio ambapo fuvu la kichwa ni jembamba, halafu mpimaji anaegemeza kalamu na kuanza kutafuta. Akiukosa mshipa, spika inakoroma tu. Akiupata, chumba kinajaa fwush, fwush, fwush, na kwenye kioo inatokea namba: kasi ya damu, sentimita kwa sekunde.

Watoto wanaokuja hapo ni wale wenye selimundu. Chembe zao za damu hujikunja kama mundu, zikapita zikikwaruza, na kwa baadhi yao mishipa ya ubongo huanza kusinyaa. Ukibana mpira wa maji kwa kidole, maji yanaruka kwa kasi. Na damu ni hivyohivyo. Chini ya mia na sabini, mtoto anarudi nyumbani hadi mwakani. Kuanzia mia mbili, anapimwa tena, na ikibaki hapo anaanza kuongezewa damu kila mwezi ili kiharusi kisimkute. Aliye katikati anarudi baada ya miezi mitatu. Kwa hiyo namba zile si mapambo. Kuna mtoto anaruka kamba leo, na kesho mkono wake wa kulia haunyanyuki, na kabla ya hapo hakulalamika hata kidogo. Aliyekuwa analalamika ni mshipa, na mshipa huongea na anayejua kusikiliza tu.

Masikio aliingia hospitali ile akiwa na miaka ishirini na miwili, kwenye chumba cha kufulia, akipigana mieleka na mashuka. Akapanda hadi mhudumu wa wodi. Watu wa mradi wa selimundu walipoleta mashine, wataalamu wenye vyeti vya kutundika ukutani waliijaribu wiki moja, kisha kila mmoja akakumbuka kwamba ana shughuli nyingine muhimu. Kuutafuta mshipa mwembamba kama kamba ya kiatu, ndani ya fuvu, bila kuuona, si mchezo. Masikio alikuwa ameingia kupangusa vumbi. Mkufunzi wa mradi akampa kalamu kwa utani. Dakika nne baadaye spika ikaanza fwush, fwush, na mkufunzi akaacha utani. Akamfundisha wiki sita, akampa cheti cha ukurasa mmoja, akaondoka. Miaka miwili sasa, watoto mia sita na kumi na mmoja.

Nyumbani, mumewe ni fundi wa kuchomelea mageti. Miaka ya kugonga vyuma imemwachia sikio moja linalofanya kazi. Majirani husema nyumba ile ina masikio matatu na yote matatu yanatawaliwa na mke.

Kisha akaja Diploma.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mpole, koti lake limepigwa pasi hadi mikunjo ingeweza kukata mkate. Alisomea mambo ya picha za mwili, na neno "diploma" lilimtoka kama kwikwi. "Kwenye diploma tulifundishwa." "Mimi na diploma yangu." Siku ya tatu Masikio alishampa jina, siku ya nne likawa limefika getini. Wakagawana siku: leo huyu, kesho yule. Kila mmoja alimwona mwenzake akiingia na kutoka, lakini hakuna aliyewahi kukaa kumtazama mwenzake akifanya kazi. Masikio aliona haya kumchungulia kijana. Kijana aliona haya kujifunza kwa mwanamke aliyetoka kufua mashuka.

Miezi miwili ikapita. Daktari wa watoto, mama mfupi asiyepoteza neno, akawaita ofisini na kufungua daftari la vipimo.

"Masikio, siku zako wamekuja watoto arobaini. Tisa wamepita mia mbili."

"Ndiyo, Daktari."

"Diploma." Hata yeye alishazoea. "Siku zako, thelathini na nane. Waliopita mia mbili?"

"Hakuna, Daktari. Nimefurahi sana."

"Mimi sijafurahi. Ugonjwa hauangalii kalenda. Haiwezekani wagonjwa wote waje Jumatatu na wazima wote waje Jumanne."

Masikio akamtazama Diploma. Diploma akatazama dari. Kila mmoja alikuwa na uhakika mkubwa kuhusu nani amekosea.

"Nimewaandikia watu wa mradi," Daktari akasema. "Jibu limekuja. Alhamisi tunachukua watoto wanane. Kila mtoto apimwe na nyinyi wote wawili, hakuna kuoneshana namba. Kila mmoja anaandika, anatia kwenye bahasha, ananipa mimi. Mkipishana zaidi ya kumi na tano kwa watoto zaidi ya wawili, mashine inahamia hospitali kuu."

"Hospitali kuu ni masaa manane kwa basi," Masikio akasema.

"Najua ilipo."

"Nusu ya hawa watoto hawatakwenda, Daktari."

"Na mashine inayosema mambo mawili kwa mtoto mmoja ina faida gani hapa? Alhamisi anayepimwa si mtoto. Ni nyinyi."

Mtu mwingine angekosa hamu ya kula. Masikio alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyealikwa harusini. Miaka miwili amekuwa akitafuta mahali pa kuonesha kwamba sikio lake si bahati nasibu, na sasa mahali pamekuja penyewe, pana tarehe na bahasha. Alhamisi asubuhi alivaa blauzi, akamwaga chai, akafuta chai, akatafuta kiatu alichokuwa amekivaa.

"Blauzi umeigeuza," mumewe akamwambia.

"Ndivyo ninavyotaka."

"Haya. Na lebo ikikuwasha shingoni, uipime kasi."

Akaigeuza blauzi akicheka, akaondoka.

Hospitalini habari zilishasambaa. Wafagiaji walikuwa upande wa Masikio, kwa kuwa alitoka kwao. Watu wa duka la dawa walikuwa upande wa Diploma, kwa kuwa wanaamini maandishi. Wakawekeana dau: watakaoshindwa wabebe ndoo za wenzao wiki nzima. Mlinzi wa getini alidai hana upande, lakini Masikio alipopita alimpigia saluti ambayo hata mkurugenzi hajawahi kuipata.

Kwenye benchi la korido walikaa watoto wanane na wakubwa wao. Wa mwisho kabisa alikuwa binti mdogo wa miaka saba aliyekuja na shangazi yake, fundi cherehani mwenye pini tatu kwenye ukosi. Masikio alikuwa akimjua; humwita Swali, kwa sababu zilizo wazi.

"Kwa nini jeli ni ya baridi?"

"Kwa sababu haijanywa chai."

"Leo mnatupima mara mbili. Mara ya kwanza mlikosea?"

"Bado hatujaanza, bibi."

"Sasa mmejuaje kwamba mtakosea?"

"Shangazi," Masikio akamgeukia yule fundi, "huyu ukimchoka, tuletee sisi, tutamfanya mkaguzi."

"Nyumbani nimeshachoka tangu mwaka juzi," shangazi akajibu. "Mchukueni hata leo."

Kazi ikaanza saa mbili. Masikio aliwachukua wanne wa kwanza, Diploma akafuata, kisha wakabadilishana zamu. Na hapo ndipo inabidi nieleze namna Masikio anavyofanya, maana ufundi wake ni wa aina mbili: kuupata mshipa na kumtuliza mtoto. Mpimaji hukaa kwenye stuli nyuma ya kichwa cha mtoto, kalamu mkononi, macho kwenye kioo. Anachokiona cha mtoto ni nywele tu. Mtoto akitikisika, mshipa unapotea. Kwa hiyo Masikio alitunga hadithi ya konokono anayekwenda kwenye harusi ya kaka yake juu ya mlima. Huyo konokono hana haraka. Anapanda, anapumzika, anapanda, anakutana na jani, anasalimiana na jani, anauliza habari za kwao na jani. Sauti ya Masikio hushuka taratibu, nzito, laini, kama mafuta yanayomiminwa kwenye chupa. Watoto waliokuwa wakirusha mateke walilegea wakawa kama nguo zilizoanikwa. Wauguzi walikuwa wakisimama mlangoni kushangaa. Mkufunzi mwenyewe alisema hajawahi kuona chumba kilichotulia namna ile.

Diploma hakuwa na konokono. Diploma alikuwa na maelekezo. "Lala chali. Usitikisike. Nimesema usitikisike." Mtoto wa pili alianza kulia kabla jeli haijamgusa, wa tatu akaona wa pili alivyotoka, akaanzia kulia kwenye benchi. Diploma aliwapima hivyohivyo, wanahema kwa kwikwi, yeye anakimbizana na mshipa, jasho linamtoka, akiupata anaandika namba ya haraka na kushukuru.

Masikio alisikia vilio vile akiwa koridoni na moyo ukamdunda kwa furaha ambayo hakujivunia sana. Alijiambia: leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo.

Saa tano bahasha zikafunguliwa. Mlangoni mwa ofisi walijikusanya wafagiaji wanne, muuguzi mmoja, na mtu wa duka la dawa aliyesema amekuja kuuliza saa. Daktari akasoma bila kupandisha sauti.

"Mtoto wa kwanza. Masikio, mia na themanini na moja. Diploma, mia na hamsini na tatu."

"Wa pili. Mia na sitini na mbili. Mia na hamsini."

"Wa tatu, huyu mvulana mwenye glavu za golikipa. Mia mbili ishirini na tisa. Mia na sabini na nne."

Mtu wa duka la dawa akasahau kuuliza saa. Daktari akaendelea hadi akafika kwa Swali: mia mbili na nne kwa Masikio, mia na sitini na tatu kwa Diploma. Kwa mkono mmoja mtoto aanze kuongezewa damu, kwa mkono mwingine aende akacheze hadi mwakani. Kati ya wanane, sita walipishana kupita kiasi.

"Mama anabonyeza kalamu kwa nguvu," Diploma akasema. "Kwenye diploma tulifundishwa, ukibonyeza..."

"Mimi nabonyeza? Wewe unaupapasa mshipa kama unaogopa utakwisha."

"Namba zangu zina utulivu, Mama."

"Namba zako zina utulivu wa maiti, mwanangu."

"Inatosha," Daktari akasema. Akavua miwani, akaiweka juu ya bahasha. "Basi la mradi linawarudisha watoto saa kumi. Barua nitaandika baada ya chakula."

Hilo ndilo lililomchoma Masikio: kwamba hakupigiwa kelele. Watu wakatawanyika. Wafagiaji walimpita bila kumtazama usoni, kama wanavyompita mtu aliyeteleza mbele ya wageni. Akarudi namba nne, akafunga mlango, akakaa kwenye ile stuli.

Mashine huhifadhi kila kipimo pamoja na sauti yake. Akafungua kipimo cha Swali alichopima Diploma, akiwa amejiandaa kuukamata uzembe wake kwa sikio. Fwush-fwush-fwush-fwush. Akahesabu mapigo kwa saa ya ukutani. Mia na ishirini na mbili kwa dakika. Moyo wa mtoto aliyekuwa akilia. Akacheka peke yake. Akafungua cha kwake, ili ajipe raha kidogo.

Fwush. Fwush. Fwush.

Akahesabu. Akarudia kuhesabu, maana hakulipenda jibu. Sitini na nane.

Mtoto wa miaka saba, na hasa yule wa maswali, akiwa macho moyo wake haupigi sitini na nane. Masikio akafungua kipimo cha golikipa: sabini. Cha mtoto wa kwanza: sabini na moja. Alikaa na kalamu mkononi, na alichohisi hakikuwa hofu tu. Kilikuwa kama pale unapopapasa gizani na kidole kinagusa swichi.

Akatoka mbio. Watoto walikuwa kwenye benchi wanakula mikate yao.

"Nani atanieleza," akasema, anahema, "yule konokono alipofika harusini kulitokea nini?"

Watoto wakatazamana.

"Alifika?" akauliza golikipa.

"Wewe ulimwacha wapi?"

"Anaongea na jani."

"Na wewe?"

"Jani."

"Mimi kabla ya jani. Alikuwa anapumzika."

Akamaliza benchi lote. Hadithi ile ina harusi, ina ngoma, ina bwana harusi aliyekwama ndani ya gamba lake mwenyewe. Mwisho wake ndio mtamu kuliko yote. Katika watoto wanane, hakuna hata mmoja aliyefika kwenye ngoma.

"Swali, ulilala?"

"Sikulala," Swali akasema, amekasirika. "Nilifumba macho nisikie vizuri. Halafu ukaniambia niamke, nishuke."

Shangazi mtu akacheka hadi pini zikatikisika. Masikio hakucheka. Alikuwa amekwisha kupiga hatua nne kuelekea ofisini, kisha akageuka, akaenda kwanza duka la dawa, akamkuta Diploma anapewa pole na chai.

"Njoo," akamwambia. "Tumekosea sote wawili. Njoo haraka kabla barua haijaandikwa."

"Sote wawili nani?"

"Mimi nimewalaza, wewe umewaliza. Njoo."

Daktari alikuwa ameshafika kwenye "Ndugu wahusika". Masikio alimwaga maneno yote kwa pamoja: mapigo, konokono, jani, mia na ishirini na mbili, sitini na nane. Diploma alikuwa anasikiliza mdomo wazi. Kisha akasema polepole, na safari hii bila kwikwi, "Mtoto akilala pumzi inapungua. Hewa chafu inazidi kwenye damu. Ubongo unavuta damu kwa kasi zaidi."

"Na akilia?" Daktari akauliza, ingawa alijua.

"Anahema sana. Hewa chafu inatoka. Kasi inashuka. Ilikuwa kwenye mtihani wa mwaka wa pili. Nilipata maksi zote."

"Na mimi nilifundishwa mtoto asilale," Masikio akasema. "Naimba kila siku, mtoto asilale. Lakini nakaa nyuma ya vichwa vyao, Daktari. Sijawahi kuona macho ya mtoto hata mmoja nikiwa napima. Miaka miwili nasifiwa kwa utulivu. Nyani haoni kundule."

Daktari akaitazama saa. Saa sita na dakika ishirini. Akaikunja ile karatasi ya "Ndugu wahusika" mara mbili.

"Mtafanyaje asilale na asilie?"

Hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Aliyejibu alikuwa mlangoni, mkate mkononi.

"Mtudanganye," Swali akasema.

"Nani amekuita hapa?"

"Mtudanganye, sisi tuwakamate. Shangazi akinidanganya silali mpaka nijue ukweli."

Ndivyo ilivyofanyika. Mpimaji anasema maneno, ya kweli na ya uongo, kwa sauti ya kawaida. Mtoto akisikia uongo anainua kidole gumba, mdomo na kichwa havitikisiki. Pazia likafunguliwa nusu. Na kwa kuwa mpimaji haoni macho, shangazi akasimamishwa miguuni pa kitanda, mtu ambaye kazi yake ni kutazama tundu la sindano siku nzima. Jicho la mtoto likianza kulegea, kazi yake ni kusema neno moja tu: "Macho." Mtoto akianza kuhema, kalamu inawekwa chini hadi atulie, hata kama ni dakika kumi.

Masikio akaanza, na ilimshinda. Sauti ile ilikuwa imemzoea, ilishuka yenyewe.

"Tembo ana miguu minne..."

"Macho," shangazi akasema.

"Mama yangu alizaliwa ndani ya friji..."

Kidole gumba juu.

"Mimi napenda sana..."

"Macho. Dada, unambembeleza."

Akajikohoza, akaongea kama anayegombana na kondakta. Akadai kwamba mumewe ana mkia. Akadai kwamba mwezi hufuliwa kila Jumamosi na yeye ndiye aliyekuwa anaufua. Vidole gumba vilikuwa vinaruka. Mshipa ulikuwa palepale, na fwush yake ilikuwa na mwendo ambao Masikio alitambua kwa aibu kwamba haujui: mwendo wa mtoto aliye macho. Ikabidi asikilize upya, kama mgeni.

Zamu ya Diploma ikaja. Alikuwa amekauka kama ubao. Golikipa alikuwa amelala chali mbele yake, glavu mkononi, midomo imeanza kutetemeka.

"Sema uongo," shangazi akamhimiza.

"Sijui kudanganya," Diploma akasema.

"Basi anza na ukweli."

Diploma akafikiri. "Mimi nina diploma."

Kidole gumba cha golikipa kikapanda juu, kimenyooka, bila wasiwasi wowote.

Kicheko kilitoka chumbani, kikapita mlangoni, kikashika korido hadi kwa wafagiaji ambao hawakujua wanacheka nini. Ilibidi kalamu iwekwe chini. Hata Diploma alicheka, akafuta macho kwa mkono wa koti lililopigwa pasi, na golikipa, alipoona yule mtu mkubwa anacheka, midomo ikaacha kutetemeka. Baada ya hapo ikawa rahisi. Diploma akagundua kwamba ana kipaji cha uongo. Alidai alifunga ndoa na baiskeli. Alidai ana umri wa miaka tisini na amejikunja tu.

Saa tisa na dakika arobaini na tano bahasha za pili zikawa mezani. Nje basi lilikuwa limeshawasha injini. Safari hii mlangoni walijaa wengi zaidi, na Masikio alikuwa amesimama karibu na Diploma hadi mabega yanagusana, kila mmoja anasikia mwenzake anavyopumua.

"Mtoto wa kwanza. Mia na sitini na sita. Mia na sitini na moja."

"Wa pili. Mia na hamsini na nne. Mia na hamsini na saba."

"Wa tatu, golikipa. Mia mbili kumi na moja. Mia mbili na saba."

Hakuna aliyeshangilia. Huyo ndiye ambaye asubuhi kwa mkono wa Diploma alikuwa anarudi nyumbani na miezi mitatu mkononi. Diploma aliinamisha kichwa. Masikio akamshika kiwiko, akakiachia.

Swali: mia na themanini na nne, mia na themanini na nane. Si damu, si mwakani. Miezi mitatu. Wote wawili walikuwa wamemkosea, kila mmoja kwa upande wake.

Tofauti kubwa kuliko zote katika watoto wanane ilikuwa kumi na moja. Daktari akazipanga karatasi, akainua simu, akawaomba watu wa mradi wasikilize bila kumkatiza. Aliongea dakika sita. Masikio alisikiliza sauti ndogo ya upande wa pili ikipanda, ikishuka, ikinyamaza. Simu ikawekwa chini.

"Mashine inabaki."

Nje ya mlango ndoo zikagongwa kama ngoma. Wafagiaji na watu wa dawa walianza kubishana papo hapo nani ameshindwa dau, maana ilionekana kila upande ulikuwa umeshindwa.

"Sijamaliza," Daktari akasema. "Kuna sharti. Kila mtoto aliyepimwa chumba kile arudiwe. Wako wote, Masikio. Na wako, Diploma. Wanaoongezewa damu waendelee hadi nitakapoona kipimo kipya, asikatishwe mtu. Waliopita mia mbili ulikuwa unawarudia, Masikio?"

"Niliwarudia, Daktari. Kwa konokono yuleyule."

"Basi mnaanzia kwao, na kwa wale ambao Diploma aliwaambia waende nyumbani."

Mia sita na kumi na mmoja, na juu yake wa kijana. Masikio alijaribu kuupata mzigo wa hesabu ile na akaupata, ulikuwa mzito kama shuka lililolowa. Lakini vidole vyake vilikuwa vinamwasha kuanza, kama vya mtu aliyepewa sikio jipya na bado hajalitumia vya kutosha. Akamtazama golikipa kupitia dirishani, anapanda basi na glavu zake, mama yake ameshika barua ya kurudi wiki ijayo kwa kipimo cha kuthibitisha na mazungumzo ya damu. Kisha akachukua daftari la vipimo na simu ya ofisi, akavuta kiti cha pili.

"Wewe soma namba," akamwambia Diploma. "Mimi naongea."

"Kwa nini wewe uongee, Mama?"

"Kwa sababu wewe utawaambia una diploma na wataogopa."

Diploma akasoma. Simu ikaita mara tano. Ikapokelewa na mwanamke mwenye sauti ya mtu aliyekatizwa kazi.

"Mama, naitwa Masikio, wa chumba namba nne. Hapana, hapana, hakuna kibaya kilichotokea. Ni kipimo cha mwanao. Nilikipima vibaya. Hapana, si mashine, mama, mashine haina kosa. Ni mimi. Ndiyo, mimi mwenyewe ninayeongea." Akasikiliza. Upande wa pili mama alikuwa na mengi ya kusema, na Masikio aliyaacha yote yapite, hadi la mwisho. "Una haki, mama. Hata mimi ningesema hivyohivyo. Sasa nakuomba umlete Jumatatu saa mbili. Damu aendelee nayo kama kawaida hadi Daktari atakaposema. Na usiku wa Jumapili alale vizuri nyumbani, ashibe usingizi wote huko huko. Huku tunamtaka akiwa macho."